Shajara ya tokeni za bonde la Medway

Mwisho wa Agosti: kazi yenyewe

Ngano imevunwa, mabua ni mafupi, na mwenye shamba amenipa ruhusa kwa maandishi. Hapa ni Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kati ya Maidstone na Tonbridge, kwenye miteremko inayoshuka hadi mto Medway. Wengi wanaozunguka mashambani na kigunduzi cha metali huota fedha na dhahabu. Mradi wangu ni wa tokeni: vipande vya shaba, risasi au bati vilivyotolewa na wenye maduka, wakulima, wenye vilabu vya pombe na makampuni, ili vishike nafasi ya pesa au viwe ushahidi wa deni.

Nimezichagua kwa sababu moja. Sarafu ya mfalme hunieleza habari za mfalme, na habari za wafalme wa Uingereza zimejaa maktaba. Tokeni hunipa muuza duka wa mji mdogo, kazi yake, na mara nyingine herufi ya kwanza ya jina la mkewe. Hao ndio watu waliopita kwenye makonde haya na viatu vyenye tope, na wengi wao hawakuacha kitu kingine chochote chenye jina lao.

Lengo ni hili: kila tokeni itakayotoka hapa niipime, niitambue, niifikishe kwenye kumbukumbu za taifa, na inapowezekana nijue nani aliitoa na nani aliipokea mkononi. Kwa sheria ya hapa, kitu kisichohesabiwa kuwa hazina ni mali ya mwenye ardhi. Nimekubaliana na mzee mwenye shamba kwamba thamani ni nusu kwa nusu, na tokeni zenyewe hazitatawanywa. Zitakaa pamoja kama mkusanyo wa shamba hili.

Vifaa vingine nilivyo navyo ni mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kalipa, lenzi ya kukuzia mara kumi, taa ndogo, na simu ya kuhifadhi alama za ramani. Taa hiyo itafanya kazi kubwa kuliko mashine.

Wiki ya kwanza ya Septemba: konde la juu

Konde la juu limejaa vifungo. Vifungo vya shati, vya koti, vya jeshi, vya suruali za kazi. Chanzo chake ni hopu. Kwa karne kadhaa bonde hili liliishi kwa hopu, mmea unaotambaa kwenye nguzo na kamba, ambao maua yake huipa bia uchungu na kuizuia isiharibike upesi. Hopu hula mbolea kupita kiasi, kwa hiyo wakulima walinunua matambara na mabaki ya sufu, wakayafukia yaoze polepole. Matambara yalikuja na vifungo vyake, na pengine na kilichosahaulika mfukoni. Ni jambo la kukumbuka kila ninapookota kitu hapa: kukiokota Kent hakuthibitishi kwamba kilidondoshwa na mtu wa Kent.

Cha kwanza cha maana ni jetoni ya Nuremberg, Ujerumani. Ni shaba njano nyembamba, milimita 22. Upande mmoja una waridi katikati, likizungukwa na mataji matatu na maua matatu ya yungiyungi. Upande wa pili una tufe lenye msalaba juu yake. Maandishi ya ukingoni yanasomeka HANNS KRAVWINCKEL IN NVR. Huyu ni Hans Krauwinckel wa pili, fundi aliyefanya kazi kati ya 1586 na 1635, na jetoni zake zimetapakaa Uingereza nzima. Hazikuwa pesa. Karani au mfanyabiashara alichora mistari mezani au kwenye kitambaa, mstari wa moja, wa kumi, wa mia, kisha akahesabu kwa kusogeza vipande hivi kutoka mstari hadi mstari. Upande wa tufe umeandikwa GOTES SEGEN MACHT REICH, na yeyote aliyesoma Mithali 10:22 anaujua mstari huo: baraka ya Bwana hutajirisha. Nimefurahi sana kuikuta hapa. Mtu aliitumia kujumlisha hesabu zake kabla tarakimu za wino na karatasi hazijashinda.

Siku hiyo hiyo, karibu na uzio, kimetoka kijisarafu cha milimita 15, chepesi kuliko nusu gramu: taji na fimbo mbili za kifalme zilizopishana upande mmoja, kinubi chenye taji upande wa pili. Hii ni robo peni ya shaba ya aina iliyoanza 1613, Mfalme James wa Kwanza alipompa Lord Harington kibali cha kuzitengeneza. Uzito wake wa shaba ulikuwa mdogo mno kulinganisha na thamani iliyotajwa, faida ikaenda kwa mwenye kibali na kwa mfalme, na watu wakazichukia. Bunge lilizisimamisha 1644. Mwaka 1649 Mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa, na serikali iliyofuata haikutoa chenji ya shaba ya kuziba pengo. Muuza mkate angemrudishia nini mteja aliyetoa peni ya fedha kwa kitu cha robo peni? Jibu la swali hilo ndilo ninalolitafuta kwenye konde la kati.

Katikati ya Septemba: konde la kati

Limetoka.

Mlio ulikuwa mfupi na mwembamba. Ulisikika vizuri nilipopitisha mashine kutoka kaskazini kwenda kusini, ukawa hafifu nilipoigeuza. Milio ya aina hiyo watu wengi huiacha, hasa penye misumari, lakini tokeni za karne ya 17 ni nyembamba sana na zikisimama kwa ubavu ardhini hutoa sauti ya namna hiyo. Nilikata donge la udongo kwa kina cha kiganja, nikalipasua kwa vidole, na ukingo wa kijani ukaonekana. Sikuusugua. Nilikifunga kipande pamoja na udongo wake kwenye kifuko, nikaandika alama ya ramani ya tarakimu nane, ambayo hubainisha mahali ndani ya mita kumi, nikaendelea na mstari wangu.

Nyumbani nimekiloweka kwenye maji yaliyotoneshwa, nikaondoa udongo kwa kijiti cha mwanzi kilicholainishwa. Utando wa kijani juu ya shaba ndio ulioyabeba maandishi. Ukiuondoa, maandishi huondoka nao. Ndiyo maana inaniuma ninapoona watu wanasugua vipande hivi kwa kidole kondeni ili wavione upesi. Udongo wa Kent una mchanga wenye ncha, na sekunde kumi za kidole zinatosha kufuta herufi zilizodumu miaka mia tatu na hamsini.

Vipimo: milimita 16, gramu 0.98. Hakuna tarehe.

Kisha taa. Nimezima taa ya chumba, nikalaza taa ndogo mezani ili mwanga upige kipande kwa ubavu, nikawa nakizungusha kidogo kidogo chini ya lenzi. Mwanga wa juu huonyesha rangi tu. Mwanga wa ubavu huleta vivuli, na herufi iliyolika hujitokeza kwa kivuli chake kwa nyuzi chache za mzunguko, kisha hupotea. Nilipiga picha kila pembe. Upande mmoja nimesoma nyota, kisha IN MAYDST, na katikati herufi tatu: moja juu, mbili chini. Upande wa pili IOHN iko wazi, halafu jina la ukoo limelika lote isipokuwa mkia wake ER. Katikati kuna umbo la koni lililosimama, lenye mstari wa kamba karibu na kitako.

Herufi tatu zina utaratibu wake. Ya juu ni ya jina la ukoo, ya chini kushoto ni ya jina la mume, ya chini kulia ni ya jina la mke. Hapa kushoto ni I, ambayo wakati huo ilisimama pia badala ya J, kwa hiyo ni John yule yule wa ukingoni. Kulia ni M. Mary, Margaret, Martha, hatujui bado, lakini yupo: mwanamke wa duka la Maidstone, aliyetiwa kwenye pesa ya mumewe kwa sababu duka lilikuwa la wote wawili. Herufi ya juu niliiona E, nikaiona F, na kwa pembe moja ya mwanga matumbo mawili ya B yakatokea bila ubishi.

Koni hiyo ni bonge la sukari. Sukari ya karne ile iliuzwa ikiwa imegandishwa kwenye kalibu ya koni, ikavunjwa vipande dukani, na umbo hilo likawa ishara ya wauza viungo na bidhaa za mbali. Lazima niseme lililo moyoni hapa. Miaka ya 1650 sukari iliyokuwa inafurika Uingereza ilitoka kwa sehemu kubwa Barbados, ambako mashamba ya miwa yalipanuka kuanzia miaka ya 1640 kwa nguvu za Waafrika waliosafirishwa na kufanywa watumwa. Nimeshika mkononi robo peni ya muuza duka mdogo wa Maidstone, na picha aliyoichagua kujitangazia ni kitu kilichochemshwa na watu wa bara langu katika joto na damu. Katika kumbukumbu ya kipande hiki, kwenye nafasi ya maelezo, nimeandika pia sukari hiyo ilikotoka.

Sasa tarehe. Wafanyabiashara walianza kutoa tokeni zao 1648, na Charles wa Pili akazipiga marufuku 1672, mwaka aliotoa robo peni na nusu peni zake za shaba. Ndani ya miaka hiyo, tokeni za nusu peni zilizidi kuanzia katikati ya miaka ya 1660, na nyingi zimeandikwa HIS HALF PENY pamoja na mwaka. Robo peni isiyo na mwaka, ndogo na nyembamba kama hii, naiegemeza kwenye miaka ya 1650.

Orodha kuu za tokeni hizi zimepangwa kwa kaunti, kisha mji, kisha ukoo. Mtu akiwa na mji, herufi tatu na picha ya katikati, tayari ana mengi: anaondoa wasiofanana mmoja baada ya mwingine. Baada ya hapo huja nyaraka. Kent ina orodha ya kodi ya meko ya mwaka 1664, kodi iliyotozwa shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko, kwa hiyo mwenye duka anaweza kuonekana humo pamoja na ukubwa wa nyumba yake. Na daftari la parokia linaweza kutupa M kwa jina lake kamili, ikiwa watoto wao walibatizwa hapo. Jina la ukoo sitaliandika hapa mpaka afisa wa vitu vilivyookotwa alitazame chini ya hadubini. Mikia ya ER ni mingi mno Kent.

Oktoba: konde la hopu

Konde hili liko chini ya jumba la zamani la kukaushia hopu, lile lenye paa la koni na kofia nyeupe inayogeuka na upepo. Kwenye ramani ya zaka limeandikwa kuwa la hopu. Ramani hizo zilichorwa baada ya sheria ya 1836 iliyogeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, na kila moja ina orodha inayotaja konde, jina lake, mwenye ardhi, mpangaji na kilichopandwa. Kwa mtafuta tokeni hakuna karatasi bora kuliko hiyo.

Zilizotoka ni za risasi, nene, za kijivu, zenye unga mweupe ukingoni. Iliyo bora zaidi ina herufi T na W, na chini yake namba 12. Upande wa pili ni mtupu, na alama ya mkia wa kalibu bado iko pembeni, mahali fundi alipokata risasi iliyomwagika.

Mtu anayechuma hopu hakulipwa kila jioni. Mwezi wa Septemba familia kutoka mashariki mwa London zilikuja kwa maelfu, mama, bibi na watoto, zikalala kwenye vibanda vya shamba, zikachuma maua kwenye mapipa marefu ya turubai. Mpimaji alipita na kikapu cha busheli, akahesabu vikapu vilivyotoka kwenye kila pipa, na mchumaji akapewa tokeni za idadi hiyo. Zilikuwepo za 1, 6, 12, 24, 60 na hata 120. Mwisho wa msimu alizirudisha, akalipwa. Kabla yake kulikuwa na vijiti vilivyokatwa alama, nusu kwa mpimaji na nusu kwa mchumaji. Baadaye vikaja vitabu vya kuhesabia, na katika miaka ya 1950 na 1960 mashine zikamaliza uchumaji wa mikono. Maduka na vilabu vya kijijini mara nyingi vilizipokea tokeni hizi kama pesa, maana kila mtu alijua mkulima atazilipa.

Mama yangu alichuma kahawa kwenye shamba kubwa la upande wa Ruiru. Nilimtumia picha, akanipigia kabla sijamaliza chai.

“Hiyo ni ya debe?”

“Ni ya busheli, Mama. Hopu, ya kutengenezea bia.”

“Ni ile ile. Sisi ukimwaga debe unapewa kibati chako, unakifunga kwenye pembe ya leso. Ukikipoteza, umechuma bure.”

Akanieleza jinsi nyapara alivyolitikisa debe mpaka kahawa ikashuka, kisha akasema halijajaa. Nilimsomea malalamiko ya wachumaji wa Kent: mpimaji mwenye mkono mzito alizishindilia hopu ndani ya kikapu, busheli moja ikameza jasho la busheli moja na nusu. Alinyamaza kidogo, akasema, “Basi walikuwa ndugu zetu.”

Nilikwenda kutazama vipimo. Busheli ni galoni nane. Debe, lile la mafuta ya taa lililogeuka kipimo cha nafaka na kahawa Afrika Mashariki, ni galoni nne, yaani zaidi kidogo ya lita 18. Busheli moja ni madebe mawili kamili. Kwa hiyo tokeni hii ya 12 ni madebe ishirini na manne ya maua mepesi yasiyo na uzito mkononi. Mtu asiyewahi kuchuma kitu kwa kipimo aipitie hesabu hiyo taratibu.

Nilitaka kujua imetengenezwa kwa metali gani. Risasi tupu ina msongamano wa 11.3, bati tupu 7.3. Nilipima tokeni hewani: gramu 6.84. Kisha nikaweka glasi ya maji juu ya mizani, nikairudisha sifuri, nikaining'iniza tokeni majini kwa uzi mwembamba wa nailoni bila kugusa kuta wala kitako. Mizani ikasoma 0.70, ndio uzito wa maji yaliyosukumwa. 6.84 kwa 0.70 ni karibu 9.8. Huo ni mchanganyiko wa takriban sehemu saba za risasi kwa tatu za bati. Bati huifanya risasi kuwa ngumu na kuisaidia ijaze kalibu hadi pembeni, ndiyo maana W yake bado ina ncha kali. Jaribio hili halihitaji maabara, halidhuru kitu, na ningetamani kila anayeandika “risasi” kwenye kumbukumbu alifanye kwanza.

Kuhusu T na W: orodha ya zaka inamtaja mpangaji wa konde hili mwenye herufi hizo hizo. Hapo mtu hutamani kufunga faili. Lakini wakulima wa bonde hili walirithishana majina, baba Thomas, mwana Thomas, mjukuu Thomas, na tokeni haina mwaka. Sensa ya 1841 na ya 1851 zitaonyesha nani alikuwa hai na alilima wapi. Kwa sasa naandika: imetolewa na mpangaji wa konde hili au ndugu yake wa jina moja, mwisho wa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19. Nadhani hiyo ndiyo sentensi ya kweli kabisa inayoweza kuandikwa leo, na ninaipenda hivyo ilivyo.

Novemba: risasi zisizojieleza

Mvua. Udongo umekuwa mzito, nimefanya zaidi kazi ya mezani.

Tatizo kubwa la shamba hili ni vidonge vya risasi vya mviringo. Kila anayeokota kidonge cha namna hiyo hutamani kiwe tokeni. Vingi si tokeni. Kuna risasi za bunduki zilizobondeka kwa kugonga mti, vizito vya uzi na vya mizani, vipande vya mabomba, na kuna lakiri za nguo: bamba mbili zilizounganishwa kwa ulimi wa risasi, zikabanwa kwenye pindo la kitambaa cha sufu kuthibitisha kwamba kimekaguliwa na ushuru wake umelipwa. Ukaguzi huo wa kifalme ulifutwa 1724. Lakiri ikivunjika, bamba moja hubaki peke yake na hudanganya sana, hasa ikiwa na herufi. Ninatafuta kovu la ulimi ukingoni, au tundu na kishikizo katikati, na mara nyingi pia alama ya nyuzi za kitambaa iliyogandamizwa ndani ya risasi; ukiiona hiyo chini ya lenzi umemaliza ubishi.

Kigezo changu cha tokeni ya risasi ni mchoro uliokusudiwa, unaotoka kwenye kalibu: petali sita zilizochorwa kwa bikari, nanga, herufi, gridi. Vyenye petali ninavyo viwili na vinaingia. Kidonge kitupu kinaandikwa “kidonge cha risasi”, basi. Orodha iliyojaa matumaini haimsaidii atakayeisoma baada yangu.

Na kwa anayehifadhi risasi: isikae kwenye sanduku la mwaloni wala katoni. Mti huo hutoa mvuke wa asidi, na risasi hugeuka unga mweupe ndani ya droo nzuri kabisa. Unga huo ni sumu. Vifuko vya plastiki safi, boksi la plastiki, mikono ioshwe kabla ya kushika chakula, na watoto wasizichezee.

Mwanya mmoja wa jua ulinipa konde la juu tena. Kimetoka kipande cha shaba njano kinachong'aa, upande mmoja Malkia Victoria, upande wa pili mpanda farasi mwenye taji akipita juu ya joka, maneno TO HANOVER na mwaka 1837. Hiki ni kihesabio cha karata kilichoiga sarafu ya dhahabu ya paundi, na kimewaonjesha wengi furaha ya dakika moja. Victoria alirithi Uingereza, lakini Hanover haikuruhusu mwanamke kurithi ilhali mwanamume wa ukoo yupo, kwa hiyo ikaenda kwa ami yake Ernest Augustus, Duke wa Cumberland, ambaye Waingereza wengi hawakumpenda. Ndiye anayeonyeshwa akiondoka zake. Nimekiorodhesha, sina la zaidi.

La zaidi ninalo kwa nusu peni ya Parys. Ni shaba nyekundu, nzito, kichwa cha kuhani wa kale mwenye ndevu na ukaya ndani ya shada la majani ya mwaloni. Upande wa pili herufi PMC zilizosokotana. Parys Mine Company ilichimba shaba kwenye kisiwa cha Anglesey, Wales. Tangu 1775 karakana ya sarafu ya kifalme ilikuwa imeacha kutengeneza shaba, mzunguko ukajaa bandia, na vibarua walihitaji kulipwa kwa kitu. Mwaka 1787 kampuni ilianza kutoa pesa zake kwa shaba yake yenyewe, uzito halali, na watu wakaziamini kuliko za mfalme. Nyingine nyingi zikafuata kutoka kila pembe ya nchi, mpaka sheria ya 1817 ilipozikataza.

Aliye na kipande cha aina hii akitazame ubavuni. Cha kwangu kimelika usoni, ila nilipokizungusha chini ya taa, ukingoni yalitokea maneno yaliyozama: PAYABLE IN ANGLESEY LONDON OR LIVERPOOL. Ahadi imeandikwa mahali ambapo mvao wa mifuko haukufika. Na neno LONDON linaeleza vizuri kwa nini shaba ya Wales ililala Kent: mtu wa hapa angeweza kuidai thamani yake safari ya siku moja kutoka nyumbani.

Desemba: kumbukumbu

Vipande vyote vimepelekwa kwa afisa wa Portable Antiquities Scheme wa kaunti. Mpango huu ulianza 1997, unaongozwa na British Museum kwa upande wa Uingereza, na kuorodhesha kitu ni hiari kwa vile visivyo hazina. Kwangu si hiari. Tokeni isiyo na mahali pake ni kipande cha shaba cha bei ya soda. Yenye mahali pake inaonyesha duka la Maidstone liliuza hadi umbali gani.

Kuna kifungu kimoja nataka kila mwenye mashine akijue. Treasure Act ya 1996, inapofafanua sarafu, inahesabu ndani yake tokeni yoyote ya metali iliyotumika, au inayoweza kudhaniwa kutumika, kama pesa au badala ya pesa. Kwa hiyo tokeni kumi au zaidi za shaba zenye umri wa miaka 300 na kuendelea, zilizotoka pamoja kama fungu moja, ni hazina kisheria, na taarifa itolewe ndani ya siku 14. Mfuko wa robo peni za John na M ungeingia humo moja kwa moja. Watu hudhani hazina ni dhahabu tu, wakagawana.

Nikiwaandikia walio nyumbani, niongeze: haya ninayoyafanya ni kwa sheria za hapa. Kenya ina National Museums and Heritage Act ya 2006, Tanzania ina Antiquities Act ya 1964, na hakuna mtu wa Kilwa, Lamu au Gedi anayepaswa kuchukua mashine akaenda kuchimba magofu bila kibali. Vibati vya debe, hata hivyo, haviko ardhini peke yake. Viko kwenye makopo ya vifungo na pembe za kabati za akina mama waliochuma. Mama amekumbuka jirani aliyebaki na kimoja, na nimemwomba akipige picha pande zote mbili karibu na rula, aandike jina la shamba, mwaka wa kuchuma, na kilihesabiwa debe moja au zaidi.

Afisa amekubali herufi B. Amekubali pia bonge la sukari, na ameomba kipande cha Maidstone kibaki kwake hadi Januari apate kukilinganisha na vingine vilivyopigwa kwa muhuri huo huo. Konde la kati limepandwa ngano ya majira ya baridi, halikanyagwi tena mpaka mavuno. Lililobaki wazi ni la mtoni, ambalo ramani ya zaka inalionyesha kuwa malisho, na mzee mwenye shamba amesema litalimwa Februari kwa mara ya kwanza katika umri wake. Nimeomba niwepo siku jembe litakapopita.